CV yangu ina kurasa nne na hakuna anayenijibu: nianzeje katika usanifu wa mafunzo?

"Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu wa Baiolojia, nina shahada ya ualimu na niko Tandahimba. Kwa miaka mitatu nimejitolea katika sekondari ya kata huku nikisubiri ajira. Mwaka jana nilisoma kozi ya mtandaoni ya usanifu wa mafunzo nikapata cheti, na tangu hapo nimeomba kazi za kuanzia zaidi ya ishirini: mashirika ya Dar es Salaam, benki moja, na kampuni mbili za nje zinazoajiri watu wa kufanyia kazi nyumbani. Hakuna aliyenijibu. CV yangu, ambayo nimeiambatisha, ina kurasa nne, ina picha, tarehe ya kuzaliwa, dini, shule zote tangu ya msingi na semina zote nilizohudhuria. Rafiki yangu anasema ni kompyuta inayozitupa kabla mtu hajaziona, ananishauri niweke maneno ya kwenye tangazo kwa maandishi meupe yasiyoonekana. Mwingine anasema bila shahada ya uzamili nisihangaike. Mimi naona tatizo ni kukosa uzoefu. Nimefundisha tu, na kuwaandalia kidato cha kwanza vijikaratasi vya maneno ya Kiingereza kwa sababu wanatoka shule ya msingi wakisoma kwa Kiswahili. Msimu uliopita wa korosho niliwasaidia viongozi wa AMCOS yetu, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, kuwaelekeza wakulima kuchambua korosho kabla ya kuzipeleka ghalani, nikawachorea picha kwenye manila maana wazee wengi hawasomi vizuri. Lakini hiyo nayo si kazi ya ofisini. Niandike CV ya namna gani, na kwa lugha gani? Halafu jina langu kwenye cheti cha kuzaliwa ni tofauti na la cheti cha kidato cha nne. Nilieleze humo?"

Marahaba, mwalimu. Nimeisoma barua yako mara mbili na CV yako yote, na nitaanza na jambo lililonigusa zaidi. Unasema huna uzoefu, kisha papo hapo unanitajia kazi mbili za usanifu wa mafunzo ulizofanya kwa akili yako mwenyewe, bila kutumwa na kozi. Umezipitia haraka kana kwamba unaomba radhi. Nilipofungua CV kuzitafuta, ya korosho haimo kabisa, na ya vijikaratasi imefichwa ukurasa wa tatu, chini ya semina, kwa maneno manne: "kuandaa zana za kufundishia."

Kwa hiyo unachohofia, kwamba huna cha kuandika, sicho ninachokiona. Unacho. Ulichoandika ni orodha ya mahali ulipokuwa na majukumu uliyopangiwa, na hayo mwajiri anayajua hata kabla hujamwambia: kila mwalimu hufundisha, huandaa andalio la somo, husahihisha, hushiriki vikao. Katika kurasa zote nne hakuna mahali panapoonyesha uamuzi mmoja ulioufanya wewe kuhusu namna ya kumfundisha mtu jambo fulani. Usanifu wa mafunzo ni maamuzi hayo, na ndiyo yanayonunuliwa.

Nikueleze msomaji wa upande wa pili anatafuta nini, kwa sababu nimekaa upande huo kwa muda. Msanifu wa mafunzo hupewa mada ambayo mara nyingi haifahamu: usalama wa mitungi ya gesi, taratibu za mikopo, matumizi ya dawa ya shambani. Anakaa na mtaalamu wa mada hiyo ambaye anataka kila kitu kiingie. Anawajua wanafunzi, muda walio nao na simu walizo nazo. Kisha anapaswa kutoka na somo ambalo mtu akilimaliza ataweza kufanya jambo ambalo jana hakuliweza. Anayechagua wa kuanza kazi anajua kwamba hujafanya hayo kwa miaka kumi. Anachotafuta ni dalili kwamba umewahi kufikiri hivyo, angalau mara moja, ukaumaliza mzigo.

Hapa nikusahihishe kidogo kwa upande mwingine pia, usije ukadhani kufundisha na kusanifu ni kitu kimoja. Mwalimu yupo darasani. Somo likienda mrama anaona nyuso, anarudia, anatoa mfano mwingine, anabadili lugha. Msanifu hayupo. Kadi, video au kozi yake inabaki na mwanafunzi peke yake huko Kitangari au Liwale, na kama maelekezo hayaeleweki hakuna wa kuinua mkono kumuuliza. Ndiyo maana swali zito ninalokuomba ulijibu kwa kila kazi yako ni hili: je, kuna mtu aliyewahi kuitumia bila wewe kuwepo? Mwalimu mwenzako alivichukua vile vijikaratasi akafundishia mkondo mwingine? Viongozi wa AMCOS waliendelea kuonyesha zile picha baada ya shule kufunguliwa na wewe kurudi darasani? Kama ndiyo, sentensi hiyo peke yake inazidi ukurasa mzima wa semina.

Tuichukue kazi ya korosho tuifungue, maana ndiyo itakayobeba CV yako.

Mkulima anatakiwa aziache korosho zikauke vizuri juani, siku mbili hadi tatu, atoe zilizo changa, zilizooza na zilizoliwa na wadudu, aondoe vipande vya bibo vilivyobaki, mawe na mchanga, ndipo ajaze gunia. Asipofanya hivyo mzigo wake unarudishwa au unashushwa daraja, na bei inakwenda na daraja. Kila mtu Tandahimba anayajua hayo. Hata hivyo kuyajua na kuyafanya kwa jicho na mkono, mbele ya lundo la korosho, ni mambo mawili tofauti, na wewe ulilitambua hilo. Ungeweza kusimama na kuhutubia. Badala yake ulitazama walio mbele yako, ukaona hawasomi kwa wepesi, ukaamua picha ndizo zitakazobeba ujumbe. Huo ni uchambuzi wa wanafunzi. Nina hakika pia ulichagua picha zipi zichorwe na zipi ziachwe, kwa kuwa manila ina mwisho. Huo ni usanifu. Kama uliwapa korosho halisi wachambue na ukawaonyesha papo hapo walipokosea, uliwapa mazoezi na mrejesho, vitu viwili ambavyo mwanasaikolojia wa Marekani Robert Gagné aliviweka katika hatua zake tisa za kufundisha tangu miaka ya 1960, na ambavyo kozi nyingi za mtandaoni zenye video nzuri huvikosa.

Sasa mstari wa CV. Wengi wangeandika: "Nilishiriki kutoa elimu kwa wakulima wa korosho." Neno "kushiriki" linaua kazi yako, kwa sababu hata aliyebeba viti alishiriki. Mimi ningeandika hivi, na wewe urekebishe kulingana na ukweli:

"Msanifu wa mafunzo (kujitolea), AMCOS ya kijiji, Tandahimba. Nilibuni kadi za picha na zoezi la vitendo la kuchambua korosho kwa wakulima ambao wengi hawasomi kwa wepesi. Nilizungumza na mtunza ghala, nikaangalia korosho zilizokuwa zikirudishwa, nikalipunguza somo hadi makosa manne yanayojirudia zaidi. Kila mkulima alichambua korosho halisi na kupewa mrejesho hapo hapo. Viongozi wa AMCOS waliendelea kutumia kadi hizo bila mimi hadi mwisho wa msimu."

Penye "makosa manne" weka idadi yako ya kweli. Kama hukuzungumza na mtunza ghala, futa. Ila tazama mpangilio wake: tatizo, walengwa, uamuzi uliofanya na sababu yake, kitu kilichopatikana, kilichotokea baadaye. Kwenye kozi yako bila shaka walikufundisha ADDIE, yaani uchambuzi, usanifu, utengenezaji, utekelezaji na tathmini, mfumo uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida mwaka 1975 kwa ajili ya jeshi la Marekani. Watu huandika "ninaifahamu ADDIE" chini ya ujuzi na kuishia hapo. Mistari yako minne ya korosho inaionyesha ikifanya kazi, na msomaji mzoefu ataitambua bila kutajiwa.

Vijikaratasi vya Baiolojia vinastahili mistari miwili au mitatu ya namna hiyo hiyo. Tatizo umelieleza vizuri mwenyewe: mtoto amesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza anakutana na Baiolojia kwa Kiingereza. Uliyachaguaje maneno ya kuweka? Ulitumia michoro? Mtoto alifanya nini na karatasi, aliisoma tu au alijaza, alilinganisha, alijipima? Andika hayo.

Kuhusu ushahidi, hapa naona waombaji wengi wakiharibu. Wameambiwa kila mstari uwe na asilimia, basi wanazitunga. Usifanye hivyo. Kwenye usaili nitakuuliza uliipimaje, na namba ya kubuni haina mguu wa kusimamia. Donald Kirkpatrick, aliyeeleza tathmini ya mafunzo kwa ngazi nne mwaka 1959, alitofautisha kama watu waliyafurahia mafunzo, kama walijifunza, kama walibadili utendaji wao kazini, na kama taasisi ilipata matokeo. Ngazi ya tatu na ya nne ni ngumu hata kwa kampuni kubwa. Wewe una daftari la alama. Kama uliwapa jaribio kabla ya vijikaratasi na jingine baada yake, andika idadi ya wanafunzi na kilichobadilika, bila kudai kwamba ni karatasi peke yake iliyofanya hivyo. Kama huna jaribio, eleza ulichokishuhudia: "walimu wawili wa mikondo mingine waliviomba." Huo ni ushahidi mdogo, lakini ni wa kweli na unaulizika.

Sasa sampuli za kazi. Kwa nafasi za kuanzia, nitakwambia bila kuzunguka, kiungo cha sampuli mbili nzuri kina uzito kuliko cheti chako cha kozi. Ya kwanza iwe zile kadi za korosho zenyewe. Zipige picha vizuri au zichore upya, uweke na ukurasa mmoja unaoeleza tatizo, maamuzi yako na ambacho ungekibadilisha leo. Ya pili, chukua maudhui hayo hayo uyafanye somo fupi la dakika tano la kwenye simu: picha ya korosho inatokea, mkulima anachagua "jaza guniani" au "ondoa", na kila jibu linamweleza kwa nini. Unaweza kulitengeneza kwa H5P, programu ya bure ya kutengeneza masomo ya kubonyeza na kujibu, au hata kwa PowerPoint yenye viungo vya kurukia kurasa. Lijaribu kwenye simu ya bei nafuu, na kwenye kishikwambi kimojawapo cha vile walivyopewa walimu baada ya Sensa ya 2022, halafu uandike kwamba umelijaribu humo. Mwajiri anayejua hali ya intaneti ya vijijini ataliona hilo mara moja.

Mambo mawili kuhusu sampuli yananisumbua kila mara. Watu hunitumia kiungo cha Google Drive, nikibonyeza naambiwa niombe ruhusa ya kuingia. Sina muda wa kuomba, na mwajiri wako pia hana. Weka ruhusa ya mtu yeyote mwenye kiungo kutazama, kisha kifungue kwenye simu ya mtu mwingine uhakikishe. La pili ni la uzito zaidi: usiweke sura za wanafunzi, majina yao wala alama zao. Ni watoto, na tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Zile kadi, kama zilitengenezwa kwa jina la AMCOS, omba ruhusa ya viongozi kabla ya kuziweka hadharani.

Rafiki yako wa maandishi meupe anakupoteza. Ni kweli kampuni nyingi kubwa hutumia programu za kupokea maombi. Programu hizo husoma maandishi yaliyomo kwenye faili, huyapanga, na humwezesha mwajiri kutafuta na kuchuja. Maandishi meupe nayo husomwa na kutokea wazi upande wa pili, na hapo unakuwa umeonekana mdanganyifu kabla hujaonekana mwalimu. Kinachokuangusha hasa ni mpangilio. CV yako ina safu mbili na visanduku, na vitu hivyo vinaweza kuvuruga mtiririko wa maneno. Fanya jaribio hili: fungua PDF yako, nakili maandishi yote, yabandike kwenye ukurasa mtupu wa Notepad. Nilipofanya hivyo kwa faili lako, namba yako ya simu ilitua katikati ya shule ya msingi. Tumia safu moja, vichwa vya kawaida, na PDF iliyotoka kwenye Word yenyewe, isiwe karatasi iliyoskaniwa.

Maneno ya kwenye tangazo yatumie waziwazi, pale yanapokuwa kweli. Tangazo likisema "mtengenezaji wa kozi za mtandaoni", usitegemee msomaji ajue kwamba "zana za kufundishia" ni jamaa yake.

Kwa zile kampuni mbili za nje, kuna jambo ambalo huenda halihusiani na CV yako hata kidogo. Kazi nyingi zinazotangazwa kuwa za kufanyia nyumbani zinamtaka mwombaji awe na haki ya kufanya kazi katika nchi fulani, na fomu huuliza swali hilo mapema. Ukijibu hapana, ombi linaweza kuondolewa hapo hapo. Soma masharti hayo kwanza kabla hujamaliza bando.

Ya kuondoa nitayataja haraka: picha, dini, hali ya ndoa, tarehe ya kuzaliwa, shule ya msingi, semina zisizohusika, na ile aya ya "mimi ni mchapakazi ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo". Fomu ya mwajiri ikiuliza lolote kati ya hayo, lijaze huko. Kurasa ziwe mbili, na moja ikitosha ni bora. Juu kabisa jina, Tandahimba, Mtwara, simu, barua pepe na kiungo cha sampuli, mistari mitatu ya wewe ni nani na unatafuta nini, kisha miradi ya usanifu, kisha ualimu, elimu, programu unazozijua, lugha, wadhamini. Miradi itangulie ualimu ingawa ualimu umechukua miaka mitatu, kwa sababu ndiyo inayojibu tangazo. Kwenye programu, taja zile tu ambazo kuna kitu umekitengeneza nazo. Storyline, programu ya kulipia ya kutengeneza kozi za mtandaoni, ina kipindi cha majaribio cha bure. Ukiitumia ukatoa somo moja, itaje na uonyeshe somo. Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, unaweza kuisakinisha bure na kujifunza kupanga kozi humo.

Kwenye lugha umeandika Kiswahili na Kiingereza. Kimakonde kiko wapi? Shirika linaloandaa mafunzo ya afya au kilimo kwa vijiji vya Mtwara na Lindi linahitaji mtu wa kukaa na wanakijiji akasikia wanavyolieleza jambo wenyewe. Kiandike, na useme unakizungumza kwa kiwango gani. Wala usifiche kwamba uko Tandahimba ukidhani wa Dar es Salaam watakuona uko mbali.

CV yenyewe iandike kwa lugha ya tangazo. La Kiingereza, Kiingereza. La Kiswahili, Kiswahili, na usichanganye katika ukurasa mmoja. Kwa kuwa kazi hii ni ya maneno, mpe mwalimu wa lugha shuleni kwenu aisome kabla hujaituma.

Shahada ya uzamili nisingekushauri uikimbilie sasa. Kuna waajiri wanaoitaka, hasa vyuo vikuu na baadhi ya mashirika ya kimataifa, na nafasi za serikali zinazopitia Ajira Portal zina sifa zilizoandikwa ambazo CV nzuri haiwezi kuzipinda: wakitaka shahada ya aina fulani na huna, hupiti. Nafasi za kuanzia katika mashirika na kampuni binafsi mara nyingi huridhika na shahada yako pamoja na sampuli. Ingekuwa mimi, ningetumia miezi sita ijayo kutengeneza hizo sampuli mbili na kutafuta kazi moja ndogo halisi hapo hapo ulipo, kwa mfano kuandaa maelekezo ya watumishi wapya wa zahanati au AMCOS jirani, kabla ya kulipa ada. Na niwe mkweli: hata ukifanya yote, nafasi hizi ni chache na waombaji ni wengi. CV hii itakupandisha kwenye usaili mara nyingi kuliko ile ya zamani, sikuahidi zaidi ya hapo.

Suala la jina usilieleze kwenye CV. Hilo linahitaji mtu wa kukaa naye ana kwa ana. Chukua cheti cha kuzaliwa na vyeti vyote vya shule, uende kwa wakili Mtwara mjini akuambie kama tofauti yako inahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa au kiapo kinatosha. Sekretarieti ya Ajira huwataka wasailiwa wenye majina yanayotofautiana waje na hati hiyo ya kubadili jina, na watu wamerudishwa mlangoni siku ya usaili kwa kukosa karatasi moja. Anza mapema, kabla hujaitwa, na tangu sasa tumia jina moja kwenye CV, barua pepe na akaunti ya Ajira Portal.

Mtu wa pili wa kumwona ana kwa ana ni mkuu wako wa shule, na wa tatu ni katibu wa AMCOS. Waombe wawe wadhamini, lakini usiishie kuchukua namba zao. Keti nao, wasomee mistari uliyoandika kuhusu kazi uliyofanya kwao, uwaulize kama ndivyo walivyoiona. Katibu anaweza kukukumbusha jambo ulilolisahau, kama vile magunia mangapi yalirudishwa kabla na baada. Hiyo itakuwa namba yako ya kwanza ya kweli, na mwenye kuithibitisha atakuwa ameshajulikana.